Kituo Kina Wenyewe: Historia ya Marafiki wa Reli ya Settle–Carlisle

Mwishoni mwa mwaka 1983, daraja moja la mawe lililochakaa kaskazini mwa Uingereza lilihesabiwa kuwa sababu tosha ya kuifunga reli nzima. Februari 2016, kwenye reli hiyo hiyo, mteremko wa kilima karibu na kijiji cha Armathwaite uliporomoka kuelekea mto Eden na kuiacha njia bila msingi imara. Ukarabati ulichukua zaidi ya mwaka mmoja, ukala pauni milioni 23, na tarehe 31 Machi 2017 treni zikarudi. Mara ya kwanza, gharama iliyokuja kuthibitika kuwa ndogo mno kuliko hiyo, hata ukizingatia kupanda kwa bei, ilitumiwa kama hukumu. Mara ya pili, gharama kubwa ilichukuliwa kuwa kazi ya kufanywa, na minong'ono ya abiria ilihusu muda wa kungoja. Mvua za milima ile hazikupungua katika miaka hiyo 33, wala matuta ya udongo yaliyoinuliwa kwa sururu na mikokoteni hayakuwa machanga. Kilichobadilika ni kwamba reli ilikuwa imepata wenyewe: watu wa vijiji na miji ya kando yake ambao, wiki baada ya wiki, walikuwa wakizitunza stesheni zake kwa mikono yao bila kulipwa.

Chama chao, Friends of the Settle–Carlisle Line, ambacho hapa nitakiita Marafiki wa Reli, kilianzishwa mwaka 1981 na kimeshavuka miaka arobaini. Ni rahisi kukiadhimisha chama cha namna hii kwa sifa za kawaida za wastaafu wema, mapipa ya maua na brashi za rangi, kisha kuendelea na mambo yanayodhaniwa kuwa mazito. Historia yake inadai usomaji mwingine. Ninachodai ni kwamba kufagia jukwaa, kung'oa magugu na kupaka rangi mbao za stesheni isiyo na mfanyakazi ni kitendo cha kudai umiliki, na kwamba mali ya umma inayodaiwa hivyo kila wiki huwa ngumu kufungwa kuliko ile inayopendwa kwa maneno matupu. Dai hili lina wapinzani wenye hoja nzito, na baadhi ya hoja zao ni za kweli kwa sehemu. Nitazifikia, lakini kwanza inafaa kueleza ni kitu gani hasa kilichokuwa kikitunzwa.

Reli hii ina urefu wa takribani kilomita 116, kutoka mji mdogo wa Settle katika mabonde ya Yorkshire hadi Carlisle karibu na mpaka wa Uskoti. Ilijengwa na kampuni ya Midland Railway iliyotaka njia yake yenyewe ya kufika Uskoti bila kuwategemea washindani wake, na kwa kuwa njia rahisi zilikwisha chukuliwa, ikabidi ipite milimani. Maelfu ya vibarua, wengi wakiishi katika vibanda vya mbao kwenye nyika yenye upepo mkali, walichimba mahandaki 14 na kusimamisha madaraja ya matao, kubwa kuliko yote likiwa la Ribblehead lenye matao 24 na kimo cha mita 32 hivi. Mamia walikufa kwa ajali na kwa ndui, na wengi wao wamezikwa katika uwanja wa kanisa dogo la Chapel-le-Dale. Treni za abiria zilianza tarehe 1 Mei 1876. Stesheni zilibuniwa na John Holloway Sanders, msanifu wa kampuni, kwa mtindo mmoja wenye ukubwa wa aina tatu: kuta za mawe, mapaa ya kuchongoka, mbao za ukingo wa paa zilizokatwa kwa nakshi. Kwa hiyo hata kijiji cha nyumba chache kilipata jengo ambalo mji wa wastani ungeweza kujivunia. Dent, iliyo mita 350 juu ya usawa wa bahari, ndiyo stesheni ya juu kuliko zote kwenye reli kuu za England, na kijiji chenyewe kiko karibu kilomita sita chini bondeni.

Katika enzi hiyo, utunzaji wa stesheni haukuwa kazi ya kujitolea. Stesheni ilikuwa na stesheni masta, wachukuzi wa mizigo na mfanyakazi wa kibanda cha ishara, na kati ya treni moja na nyingine watu hawa walilima bustani, walipanga mawe yaliyopakwa chokaa, walishindania tuzo za stesheni iliyotunzwa vizuri. Horton in Ribblesdale, mojawapo ya stesheni za reli hii, ilisifika kwa kuzinyakua tuzo hizo mwaka baada ya mwaka. Bustani ilipendeza kwa sababu palikuwa na mtu aliyelipwa kuwapo hapo kutwa nzima. Jambo hili lisisahaulike, kwa kuwa pingamizi kubwa zaidi dhidi ya watu wa kujitolea linatoka hapa hapa.

Machi 1963 ilitoka ripoti ya Richard Beeching, mwenyekiti wa bodi ya reli, iliyopendekeza kufungwa kwa stesheni 2,363 na maelfu ya kilomita za njia kote Uingereza. Huduma ya abiria ya Settle–Carlisle ilikuwemo kwenye orodha. Iliponea wakati huo, lakini Mei 1970 stesheni zote ndogo zilifungwa, zikabaki Settle na Appleby tu kati ya njia yote. Majengo mengine yaliuzwa. Pale Ribblehead, jukwaa la upande wa treni za kaskazini lilibomolewa kupisha njia ya kupakilia mawe ya machimbo. Stesheni iliyoondolewa mfanyakazi haifi siku hiyo hiyo. Mfereji wa paa huziba kwa majani, maji hupenya ukutani, kioo huvunjwa na hakirudishwi, taa huzimika, na abiria wa treni ya jioni huanza kuogopa kusubiri peke yake. Abiria hupungua. Kisha huja mtu wa hesabu, anakuta abiria wachache na jengo bovu, naye huandika kwa uaminifu kabisa kwamba huduma haitumiki na ukarabati ni ghali. Hakuna aliyedanganya mahali popote katika mfuatano huo, ndiyo maana ni vigumu kuupinga kwa hasira peke yake. Unapingwa kwa kuukata katika hatua za mwanzo, pale kwenye mfereji wa paa na kioo, kabla haujafika kwenye meza ya hesabu.

Waliouanza ukataji huo hawakuwa Marafiki wa Reli bali mamlaka ya hifadhi ya taifa ya Yorkshire Dales, ambayo mwaka 1975 ilianza kukodi treni za mwisho wa wiki zilizoitwa DalesRail na kuyafanya majukwaa yaliyofungwa yatumike tena kwa siku hizo. Nalitaja hili kwa makusudi, kwa kuwa historia za maadhimisho hupenda kuwapa waanzilishi sifa zote. Bila DalesRail, majukwaa ya Dent, Garsdale na Kirkby Stephen yangekuwa yameota miti ya miaka kumi na moja kufikia 1981. Marafiki wa Reli walirithi jambo ambalo tayari lilikuwa limethibitishwa kwa vitendo, kwamba jukwaa likifunguliwa watu hulitumia.

Chama kilizaliwa wakati shirika la British Rail lilipokuwa likijiandaa kuziondoa kwenye reli hii treni za masafa marefu kati ya Nottingham na Glasgow, jambo lililotekelezwa mwaka 1982 na kuiacha njia na treni mbili tu kwa siku kila upande. Notisi ya kufunga ilifuata mwaka 1983. Sheria ya usafiri ya mwaka 1962 ilikuwa imeweka mlango mwembamba sana wa kupinga: aliyetaka kusikilizwa alipaswa kuonyesha taabu ambayo yeye, msafiri, angepata huduma ikiondolewa. Uzuri wa mandhari haukuhesabiwa, wala kazi ya vibarua waliokufa, wala thamani ya daraja kama jengo la kihistoria. Marafiki wa Reli na vyama vingine vilivyoungana nao viliielewa sheria hiyo mapema, vikatumia miaka kadhaa kuwafundisha watu kuandika pingamizi linalozungumzia hospitali, kazi, shule na ndugu wa mji mwingine. Pingamizi zilizopokelewa zilizidi 22,000. Miongoni mwake ilikuwamo alama ya wayo wa mbwa aitwaye Ruswarp, mali ya Graham Nuttall, mmoja wa waanzilishi wa chama, nayo ilikubaliwa kwa kuwa mbwa huyo alikuwa akilipiwa nauli. Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho, lakini kinaonyesha msingi wa vita vyote vile: aliyetambuliwa na sheria ni msafiri mwenye tiketi, na jukumu la chama lilikuwa kuhakikisha wasafiri hao wapo. Nuttall alifia milimani huko Wales mwaka 1990, na mbwa wake akakutwa kando ya mwili baada ya majuma 11 ya baridi. Tangu 2009 sanamu ya shaba ya mbwa huyo imesimama kwenye jukwaa la Garsdale.

Hapa ndipo pingamizi la kwanza linapoingia. Wapo wanaosema reli iliokolewa na hesabu, na kwamba chama kinajipachika ushindi wa watu wengine. Wanamtaja Ron Cotton, ofisa aliyeteuliwa na British Rail kusimamia kufungwa kwa njia, ambaye badala ya kuiacha ife aliitangaza, akashusha nauli na kuongeza treni, hadi safari zikapanda kutoka takribani 93,000 mwaka 1983 hadi karibu 450,000 mwaka 1989. Wanautaja pia uchunguzi wa kihandisi. Daraja la Ribblehead lilikadiriwa kuhitaji mamilioni mengi ya pauni, lakini tao moja lilipofanyiwa ukarabati wa majaribio ilidhihirika kwamba kazi yote ingegharimu sehemu tu ya makadirio hayo. Ikaishia karibu pauni milioni 3. Na wanakumbusha kwamba uamuzi wa tarehe 11 Aprili 1989 wa kutoifunga reli ulifanywa na serikali, huku Michael Portillo, aliyekuwa waziri mdogo wa usafiri, akija kusema baadaye kwamba hayo ndiyo mafanikio makubwa kuliko yote ya maisha yake ya uongozi. Yote hayo ni kweli. Cotton anastahili heshima ya pekee, kwa kuwa kulitumikia jambo jema ukiwa umeajiriwa kulizika ni ujasiri ambao maofisa wachache huwa nao.

Lakini hebu tuulize zilipopatikana safari hizo 450,000. Treni haiwezi kuchukua abiria mahali isiposimama. Julai 1986 stesheni nane ndogo zilifunguliwa upya kwa huduma ya kila siku: Horton, Ribblehead, Dent, Garsdale, Kirkby Stephen, Langwathby, Lazonby na Armathwaite. Kutwa moja njia iliyokuwa ya kupita ikawa njia ya kupanda na kushuka. Hilo liliwezekana kwa sababu majukwaa hayo yalikuwa yamedumishwa hai kwa zaidi ya muongo mmoja na watu ambao hawakuwa na uhakika wa chochote. Watalii waliokuja kuiaga reli walisaidia kujaza mabehewa, na baadhi yao hawakurudi tena. Mkazi wa Lazonby anayekwenda sokoni Carlisle hurudi kila Jumamosi. Tena hesabu nzuri hazikutosha peke yake. Vikao vya kusikiliza pingamizi vilifanyika mwaka 1986, nambari za abiria zilikuwa zikipanda hadharani, na bado Mei 1988 serikali ilitangaza kwamba inaelekea kukubali kufunga, huku ikitafuta mnunuzi binafsi. Kati ya tangazo hilo na uamuzi wa Aprili 1989 hakukuwa na muujiza wa hesabu. Kulikuwa na upinzani ambao haukuchoka, kwa kuwa watu wake walikuwa na kitu cha kufanya kila wiki, siyo mkutano wa kusubiri.

Umuhimu wa muda unaonekana vizuri ukiivuka Carlisle na kuitazama reli iliyokuwa mwendelezo wa hii, njia ya Waverley iliyokwenda Edinburgh kupitia milima ya mpakani. Watu wa huko hawakuipenda reli yao kidogo. Maelfu walitia saini, ombi likafikishwa hadi makazi ya waziri mkuu London, na usiku wa treni ya mwisho, Januari 1969, wakazi wa kijiji cha Newcastleton walifunga mageti na kusimama relini hadi mchungaji wao akakamatwa. Njia ilifungwa hata hivyo, reli ikang'olewa. Sehemu yake ya kilomita 48 hivi, kutoka Edinburgh hadi Tweedbank, ilirudishwa Septemba 2015 kwa karibu pauni milioni 294. Sidai kwamba Newcastleton wangepanda maua mwaka 1965 reli ingepona; nyakati zilikuwa kali zaidi, na wanasiasa wa miaka hiyo waliiamini barabara kwa moyo wote. Nadai jambo dogo zaidi, kwamba upendo wao ulipata umbo la hadhara wakati uamuzi ulikuwa umeshafanyika, ilhali wa Settle–Carlisle ulikuwa umeshakuwa mazoea miaka minane kabla. Msomaji wa Korogwe au Same hahitaji kuchorewa picha ya stesheni isiyo na treni. Kwenye reli ya Tanga, huduma ya abiria ilirudi Moshi Desemba 2019 na Arusha Oktoba 2020 baada ya ukimya uliozidi miaka ishirini, na aliyeshiriki kufyeka njia ile anajua kurudisha ni kazi ya namna gani.

Sehemu ninayoiona kuwa kiini cha historia hii, na ambayo kwa kawaida hupewa aya moja tu, inaanza baada ya ushindi. Vyama vya kupinga jambo huvunjika jambo likishindwa, na hilo ni halali. Marafiki wa Reli walikuwa na kila sababu ya kugawana picha za ukumbusho na kwenda nyumbani Aprili 1989. Badala yake walijiuliza ni nini kingeizuia notisi nyingine kuja baada ya miaka kumi, wakajibu kwa ndoo na brashi. Mwaka 1990 uliundwa mfuko wa udhamini wa kushughulikia majengo, na mwaka 1991 ukanda wote wa reli ulitangazwa eneo la hifadhi ya majengo na mandhari. Ribblehead, ambayo tangu 1986 ilihudumiwa na treni za kwenda kusini tu kwa kuwa jukwaa la pili lilibomolewa, ilipata jukwaa jipya mwaka 1993, na jengo lake lililochakaa likarekebishwa na kufanywa mahali pa kupokea wageni. Pale Settle, kibanda cha ishara kilichostaafishwa mwaka 1984 kilihamishwa mwaka 1997 hadi karibu na stesheni, kikatengenezwa wenzo kwa wenzo, na watu wa kujitolea wakawa wanakifungua siku za Jumamosi ili watoto wavute wenyewe mitambo iliyoongoza treni. Majengo yalirudishiwa rangi za zamani za Midland, nyekundu ya damu ya mzee na maziwa. Wanachama wengine wakajifunza kuongoza matembezi ya milimani yanayoanzia na kuishia stesheni, na wengine wakapanda treni kuwaeleza abiria wanachokiona dirishani.

Kazi yenyewe ya stesheni si ya kimahaba kama picha zake. Anayejitolea hufundishwa kwanza usalama, huvaa kizibao cha kung'aa, hafanyi kazi ng'ambo ya mstari wa njano wa jukwaa, hashuki relini kwa sababu yoyote, hata ufagio ukimponyoka. Hapandi mti utakaodondosha majani kwenye reli, maana majani yaliyosagwa na magurudumu huacha utelezi unaozuia treni kushika breki. Mapipa ya maua hayawekwi mahali ambapo kipofu anaweza kujikwaa au kiti cha magurudumu kukwama. Kazi ngumu kuliko zote haionekani kabisa: kuandika barua. Taa imezimika, bomba linavuja, tangazo la ratiba limepitwa na wakati, bati la paa limelegea. Mtu anayekwenda stesheni kila Jumanne na mkasi wa kukatia waridi ndiye anayeliona bati lililolegea kabla halijaanguka, naye anajua ofisi ya kuandikia na jina la mwenye dhamana. Kampuni ya reli inayopokea barua hizo kwa miaka haiwezi tena kusema kwamba haikujua. Hapa maua yanafanya kazi ambayo aghalabu haitajwi: yanampa mtu haki ya kuwapo pale kila wiki, na kuwapo kwake kunazaa kumbukumbu iliyoandikwa.

Pingamizi la pili ndilo zito. Stesheni masta wa Horton alilipwa mshahara. Anayemwagilia maua hapo leo halipwi. Je, watu wa kujitolea hawajawa kisingizio cha kuondoa ajira, na je, serikali haijifunzi kwamba ikijitoa, wananchi wema watajaza pengo bure? Vyama vya wafanyakazi vimeuliza swali hili kwa miaka mingi, na ni swali la haki. Kuna mahali ambapo jibu lake ni ndiyo, na chama cho chote cha kujitolea kinachokubali kuuza tiketi mahali pa mtu aliyefukuzwa jana kinajidhalilisha. Lakini kwenye reli hii mpangilio wa matukio ulikuwa kinyume. Wafanyakazi waliondolewa kabla chama hakijakuwapo, na walichoachwa nacho wananchi kilikuwa jengo tupu. Settle na Appleby, zilizobaki na wafanyakazi, hazikupoteza wafanyakazi hao kwa sababu ya maua. Watu wa kujitolea waliendesha maduka ya chama ndani ya stesheni hizo bega kwa bega na wauza tiketi. Zaidi ya hapo, mwaka 2023 makampuni ya treni yalipotangaza mpango wa kufunga karibu ofisi zote za tiketi katika stesheni za England, yalimiminika majibu ya pingamizi takribani 750,000, vyombo vya kutetea abiria vikaukataa mpango, na Oktoba 31 serikali ikauondoa. Siwezi kudai kwamba majibu hayo yaliandikwa na wapanda maua. Ninachokiona ni kwamba nchi ile imezoea kuiona stesheni kama mahali pa watu, na mazoea hayo yanamlinda pia mfanyakazi anayelipwa. Stesheni inayotunzwa huvuta abiria, abiria huvuta treni, na treni ndizo zenye madereva na makondakta.

Pingamizi la tatu ni la tabaka. Husemwa kwamba haya yote yanawezekana mahali penye mandhari ya kuvutia na wastaafu wenye pensheni, na kwamba stesheni ya mtaa wa viwanda haiwezi kupata Marafiki. Kwa sehemu ni kweli. Ribblehead ina kitu ambacho stesheni nyingi hazina, na ingekuwa uongo kusema daraja lile halikusaidia. Ila vuguvugu lililofuata limeujibu wasiwasi huo kuliko nadharia yo yote. Ubia wa jamii na reli ulianza Devon na Cornwall mwaka 1991. Mwaka 1993 Paul Salveson, mtu wa kaskazini aliyewahi kuwa mfanyakazi wa reli, aliandika waraka ulioueleza mfumo huo, na mwaka huo huo ubia ukaanzishwa kwenye njia ya Penistone, inayotoka Huddersfield kupitia Barnsley hadi Sheffield. Hizi si nchi za kadi za posta. Ni eneo la makaa ya mawe na viwanda vya nguo, lililokuwa limetoka tu kufungiwa migodi yake. Serikali iliukubali mfumo kwa mkakati rasmi mwaka 2004, ikauandika upya mwaka 2018, na leo vikundi vya stesheni Uingereza nzima vimezidi elfu moja, vingi vikiwa vitongojini ambako ua pekee ni lile walilolipanda wenyewe. Msaragambo wa kufagia soko au kuzibua mtaro si jambo la matajiri mahali popote duniani. Kinachohitajika zaidi ya nguvu za watu ni mwenye mali aliye tayari kutia saini makubaliano, na hapo ndipo vikundi vya stesheni zisizo na sifa vilipokwama mara nyingi.

Kwa hiyo mwaka 2016, mteremko ule wa karibu na Armathwaite, uitwao Eden Brows, ulipoporomoka, Marafiki wa Reli hawakushika sepetu. Hakuna mtu wa kujitolea anayeweza kuzuia maelfu ya tani za udongo. Wahandisi wa Network Rail, shirika la umma linalomiliki njia za reli, walishindilia mamia ya nguzo za chuma na zege chini ya njia, na kodi za wananchi zikalipa. Mabasi yalipokuwa yakichukua nafasi ya treni kati ya Appleby na Carlisle, stesheni ziliendelea kufagiwa na kupakwa rangi kana kwamba treni ya saa nne iko njiani. Huo ndio mgawanyo sahihi wa kazi: dola ibebe uzito wa chuma na udongo, na wenyewe wahakikishe haisahau kufanya hivyo.

Sasa chama kina matatizo ya umri wake. Wengi wa waliopeleka pingamizi miaka ya 1980 wamefariki au hawawezi tena kuinama kung'oa magugu, na kijana wa Carlisle anayefanya kazi kwa zamu hana Jumanne ya kuwapa. Wakati huo huo mwenye mali anabadilika. Kampuni ya Northern inayoendesha treni za njia hii ilirudi mikononi mwa umma Machi 2020, na sheria iliyopitishwa Novemba 2024 inazirudisha huko kampuni nyingine za abiria pia. Shirika moja kubwa la umma linaweza kuwa rafiki bora kuliko kampuni za mkataba wa miaka saba, au linaweza kuwa British Rail ya 1983 kwa jina jipya. Itategemea sana hati. Ribblehead na Kirkby Stephen zilitengenezwa vizuri kwa sababu mfuko wa udhamini ulikuwa na mkataba wa muda mrefu wa majengo hayo, si ruhusa ya mdomo ya meneja wa wakati huo, na ndiyo maana jambo la kwanza ambalo vikundi vya stesheni vinapaswa kulidai kwa shirika jipya, kabla ya ruzuku na kabla ya tuzo, ni mikataba ya namna hiyo kwa kila stesheni yenye watu walio tayari kuitunza.